Vijito vyetu vya Kusini viandikwe majina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumze na wasomaji wenzangu, hasa wa Mtwara na Lindi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nina miaka 66. Nilizaliwa Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, nikaolewa bondeni, na huu ni mwaka wa 43 naishi kando ya Mto Lukuledi, kati ya Mtama na Nyangao.

Jambo lenyewe lilianza na zoezi la shule. Mjukuu wangu wa darasa la tano alikaa barazani na daftari lake, ameambiwa ataje mito mitano ya Tanzania. Akaandika bila kusita: Rufiji, Pangani, Kagera, Malagarasi, Ruvuma. Nikampongeza, maana yote ni sahihi. Kisha nikamuuliza, "Na ule mliokwenda kuoga jana na wenzako?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali lisilo na jibu. "Bibi, ule si mto. Ule ni mtoni tu."

Sikumkaripia. Usiku ule nililala nikijiuliza kosa ni la nani, na kila nilipogeuza jambo lile nilijikuta mimi mwenyewe ndani yake. Nimefundisha miaka 35. Nimechora mto Naili ubaoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kutoka Ziwa Viktoria mpaka Misri, kwa chaki ya buluu. Sikumbuki kama niliwahi kuchora Lukuledi, na dirisha la darasa langu lilikuwa linautazama.

Ndiyo maana naandika. Naomba kila daraja na kila karavati katika mikoa yetu miwili liwekewe kibao chenye jina la maji yanayopita chini yake. Kibao cha kusomeka, pande zote mbili za barabara. Najua ombi hili litaonekana dogo mbele ya mahitaji mengine, kwa hiyo naomba mnivumilie nieleze kwa nini silioni dogo.

Mimi nimekulia mahali pasipo na mto. Wasiofika Newala hawaelewi vizuri maana yake. Tulikuwa na mabomba tangu enzi za Mwingereza, maji yakisukumwa kwa mashine kutoka Mitema, kwenye bonde la Kitangari, mpaka juu. Lakini mashine ikiharibika, au bomba la kijiji chetu likikauka, tulirudi kwenye njia ya bibi zetu, nayo ni kushuka genge, yaani ule ukingo mkali wa uwanda, mpaka visima vya bondeni. Mama alituamsha jogoo la kwanza. Ngata kichwani, debe mkononi, tunafuatana gizani kwa mstari, mkubwa mbele na mkubwa nyuma, wadogo katikati. Njia ni ya mawe na mizizi. Kule chini mnakuta wenzenu wamewahi, mnakaa foleni mkingoja kisima kijae tena, kata moja moja. Kisha ni kupanda, jua limeshatoka. Tulikata matawi yenye majani tukayalaza juu ya maji ndani ya debe yasimwagike kwa mtikisiko, na hata hivyo ulifika nyumbani debe limepungua na mgongo wa gauni umelowa.

Maji ya namna hiyo huyachezei. Mama alituogesha watoto wawili kwa kata mbili, na yale yaliyonawiwa mikono yalipelekwa kwenye shina la mpapai. Mgeni akija, alipewa maji ya kunywa kabla hajaulizwa habari za safari. Mpaka leo nikiona mtu ameacha bomba linachuruzika, moyo wangu unaruka.

Na ajabu ni kwamba mto mkubwa kuliko yote ya Kusini tuliuona kila siku. Ukisimama pale Shimo la Mungu, Newala, ardhi inakatika miguuni pako, na bonde la Ruvuma lote liko chini, limetandazwa mpaka ng'ambo ya Msumbiji. Kiangazi unauona mchanga wake mweupe. Macho yanakunywa, ndani mtungi ni mtupu.

Nilimuuliza bibi yangu kwa nini wazee wetu hawakukaa kule chini kwenye maji. Akanisimulia hadithi ambayo Wamakonde wengi wa rika langu wameisikia kwa namna moja au nyingine. Hapo mwanzo alikuwapo kiumbe mmoja peke yake porini, hajaoga wala hajanyoa. Akachonga gogo likawa mfano wa mtu, akalisimamisha, na jua lilipochomoza likawa mwanamke, mke wake. Walikaa karibu na mto wakapata mtoto, akazaliwa mfu. Wakahama, wakapanda kidogo, wakapata wa pili, naye hakuishi. Wakapanda juu kabisa kwenye vichaka, wa tatu akaishi. Yule mama akawausia wanawe wakae juu, mbali na mabonde na maji makubwa, maana huko ndiko kwenye maradhi na kifo.

Nikiwa mtoto niliichukua kama hadithi ya kulalia. Nilipokua nikaona kuna habari nzito ndani yake. Bondeni kulikuwa na mbu na homa. Karne ya kumi na tisa kulikuwa pia na wawinda watumwa waliopita kwenye njia za kwenda Kilwa na Mikindani, na mashambulizi ya Wangoni. Vichaka vizito vya uwanda wa Makonde vilikuwa boma. Watu wetu walichagua kiu kuliko pingu, na uchaguzi ule ukawafanya walivyo: watu wa kuvuna mvua kwenye mashimo, wa kula ming'oko, ile mizizi ya porini, mwaka ukiwa mbaya, wa kutembea mbali bila kulalamika. Mto unaweza kukuumba hata kama unakaa mbali nao kwa makusudi.

Nilipofika chuo cha ualimu ndipo nilipoelewa jambo la pili, na siku ile nilitamani mama yangu angekuwa darasani. Udongo wa uwanda wetu ni wa kichanga. Mvua ikinyesha juu haikai, haifanyi mto, inazama. Inapita chini kwa chini mpaka ikutane na tabaka lisiloipitisha, kisha inatokeza kwenye miguu ya miteremko, ikawa chemchemi. Chemchemi za Mbwinji, zinazowanywesha watu wa Masasi na Nachingwea, ziko kwenye miguu ya uwanda huo. Yaani maji yale tuliyoyafuata alfajiri na debe yalikuwa mvua ya kwetu. Ilinyesha juu ya kijiji, ikazama kwenye mashamba yetu ya mihogo na mikorosho, ikapita chini ya vitanda vyetu tukiwa tumelala, ikatutangulia bondeni.

Kwa hiyo mtu wa Newala akifyeka kichaka chote cha ukingoni akachoma, asifikiri anajimalizia yeye mwenyewe. Aliye chini ataulizana na wenzake mbona kisima kinachelewa kujaa.

Nikaolewa. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa Mmwera wa bonde la Lukuledi. Wiki ya kwanza ukweni niliamka mapema nikachota ndoo moja, nikaoga nusu, nusu nikaihifadhi kwa ajili ya jioni. Mama mkwe aliniona. Akanishika mkono akanipeleka mpaka ukingoni, akaniambia, "Mwanangu, mto upo. Oga." Nililia pale pale, yeye akadhani nimekumbuka kwetu.

Lukuledi si mto wa kutisha mtu aliyeona Rufiji. Unaanzia upande wa Masasi, unashuka mashariki kati ya uwanda wa Makonde na uwanda wa Rondo, unamalizikia kwenye ghuba ya Lindi. Lakini una tabia zake na mwenyeji anazijua. Masika unakuja na maji mekundu, unabeba magogo, unapanda kwenye mashamba ya mpunga na kuacha tope jipya ambalo halinunuliwi dukani. Maji yakianza kushuka watoto wanajua wapi kambale wamekwama. Kiangazi kikikaza, sehemu za juu unabaki mchanga, na hapo ndipo kazi ya wanawake inapoanza: kufukua mchanga kwa kata mpaka maji yajitokeze, yamechujwa, baridi kama ya mtungini. Bustani za ukingoni nazo ni za kiangazi, matembele, mchicha, nyanya, bamia, zinamwagiliwa kwa ndoo asubuhi na jioni. Ada za shule za wanangu wawili zilitoka kwenye tuta nane za nyanya. Karibu na Lindi mto unakuwa mkubwa na wa chumvi, una mikoko na viboko, na watu wa Kitunda wanavuka kwa mashua kwenda sokoni mjini na kurudi.

Tena tazama kila kitu kikubwa kilichowahi kuja hapa kilivyofuata mto huu. Barabara ya kutoka Mingoyo kwenda Masasi inakwenda na bonde. Mashamba ya mkonge yalipandwa kando ya hori lake, pale bahari inapoingia ndani ya mto. Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga Nachingwea, baada ya vita kuu ya pili, reli ya kwanza ilianzia gati la Mkwaya, kwenye hori hilo hilo la Lukuledi, ndipo baadaye ikaungwa na bandari mpya ya Mtwara. Mradi ulikufa, reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, bonde likabaki. Na vita navyo vilipita humu. Oktoba 1917, siku nne mfululizo, majeshi ya Waingereza na Wajerumani yaliuana Mahiwa, karibu na hapa nilipo, na wengi wa waliokufa walikuwa Waafrika, askari na wapagazi, waliokufa katika ugomvi usiowahusu. Mwezi mmoja baadaye Wajerumani waliobaki walivuka Ruvuma pale Ngomano, unapokutana na Lugenda, wakaingia upande wa Wareno, yaani Msumbiji.

Ruvuma nao una habari yake, na mimi siwezi kuupita kimya kwa sababu umegawa ukoo wangu. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kwamba mto huo uwe mpaka. Hawakumuuliza Mmakonde wa Newala wala wa Mueda, kule ng'ambo. Dada wa bibi yangu aliolewa ng'ambo, na katika lugha ya nyumbani kwetu hakuna aliyesema amekwenda Msumbiji, tulisema amevuka. Kiangazi watu walikwenda kwa miguu mahali ambapo mto ni mchanga na vijia vya maji, wakiangalia mamba, na masika kwa mitumbwi. Kwenye vita vya ukombozi, kuanzia mwaka 1964, nilikuwa mdogo sana, lakini nakumbuka nyumba yetu ikijaa watu wenye mafurushi wasiojua watalala wapi, na mama akiwagawia yale maji ya kata mbili. Baadhi ya wachongaji wa vinyago ambao sifa zao zimefika duniani kote walivuka mto ule, wengine zamani zaidi, kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge.

Daraja la Umoja pale Mtambaswala, Nanyumbu, lilifunguliwa mwaka 2010. Lina urefu wa mita 720. Wazo lake lilianza na Mwalimu Nyerere na Samora Machel mwaka 1975, kwa hiyo tulilisubiri miaka 35. Nilikwenda kulitazama na dada yangu. Alisimama katikati, akavua viatu, akasema anataka kuvuka kama bibi alivyovuka.

Kwa upande wa kaskazini ni Rufiji. Vijana waliozaliwa baada ya 2003, lilipofunguliwa Daraja la Mkapa, hawajui kivuko cha Ndundu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikaa pale na mizigo yangu usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu, pantoni haivuki, maji yamepanda, barabara ya upande huu ni tope mpaka kwenye kiuno cha lori. Masika Kusini ilikuwa kisiwa: Rufiji huku, Ruvuma kule, bahari mashariki, na katikati Matandu, Mavuji, Mbwemkuru na Lukuledi kila mmoja akidai haki yake. Chumvi, sukari, mafuta ya taa, vitabu vya shule, vyote vilisubiri mito ishuke. Wanaotuuliza kwa nini Kusini ilichelewa wahesabu kwanza mito hiyo na madaraja yaliyokuwapo.

Kwamba mambo hayo hayajaisha tulikumbushwa mwanzoni mwa Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Lindi na Dar es Salaam kule Kilwa. Mtoto wa mdogo wangu alikuwa kwenye basi. Akanipigia simu, sauti inakatika, "Mama mkubwa, tumekwama, maji yamebeba barabara." Nikamuuliza, mto gani? Kama ni Matandu ningejua yuko wapi, kama ni Mbwemkuru ningejua kuna vijiji gani karibu vya kupata chakula. Akasema, "Sijui, mama. Mto tu." Amepita njia ile zaidi ya mara ishirini. Nilikaa saa tatu nikipiga simu huku na kule kujua mwanangu yuko upande gani wa maji.

Sasa nije kwenye lililoniuma zaidi. Karibu na kwetu kuna vijito vitatu vinavyoshuka kutoka upande wa uwanda wa Makonde, vinakatiza barabara, vinaingia Lukuledi. Kwenye kimojawapo walianza kuja watu na malori kuchota mchanga wa kujengea. Walichota mwaka mzima. Sakafu ya kijito ikashuka, kingo zikaanza kubomoka, na masika iliyofuata shamba la mpunga la jirani yangu, mjane mwenzangu, likaondoka kipande cha upana wa hatua kumi na mbili. Mti wa mkuyu uliokuwa mkubwa nilipofika hapa ukalala majini.

Nikaandika malalamiko kwa mkono wangu, nikayapeleka kwenye ofisi inayohusika, sitaitaja. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu, alinipa shikamoo na kiti. Akafungua karatasi yake akauliza, "Mto gani, mama?" Nikasema kijito kile cha chini ya shule. Akasema, mama, chini ya shule kuna makorongo mengi. Akatazama ramani yake. Kijito chetu kilikuwapo, mstari mwembamba usio na neno. Akaniambia kwa upole kwamba bila jina hawezi kujaza ile sehemu ya fomu, niende nikaulize kijijini kinaitwaje kisha nirudi.

Nikarudi nyumbani, na hapo ndipo nilipojua ukubwa wa jambo. Nilikuwa nimeishi pale zaidi ya miaka arobaini na mimi pia sikujua. Nilikuwa nikisema "mtoni", kama mjukuu wangu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria nzuri. Lakini mita 60 kutoka nini, ikiwa mwenye kulima anasema hili ni korongo tu, mwenye lori anasema huu ni mchanga tu, na fomu inasema hakuna jina? Vijito vidogo ndivyo vinavyoulisha Lukuledi. Tukiviacha vife kimoja kimoja kwa sababu havijulikani, siku moja tutasimama kwenye daraja kubwa lenye kibao kizuri cha Lukuledi na chini kuna mchanga mwaka mzima. Tunayo bodi ya maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, makao yake yako hapa hapa Mtwara. Tunazo halmashauri, tunao watu wa barabara. Nawaomba waketi pamoja na wazee wa vijiji kabla wazee hao hawajaondoka, waandike majina hayo, wayatie kwenye ramani na kwenye vibao. Gharama ya kibao kimoja haifiki bei ya tairi la lori.

Nawaomba pia walimu wenzangu mlio kazini. Mtoto ajue kwanza maji ya mlangoni kwake: yanatoka wapi, yanaingia wapi, mwezi gani yanakauka, nani anakaa juu yake na nani chini. Baada ya hapo mpeni Naili na Amazon, ataielewa vizuri zaidi kwa sababu ana mto wa kuilinganisha nayo. Mimi nililipata somo hili nimeshastaafu, na sitaki mlipate mkiwa mmechelewa kama mimi.

Baada ya ile safari ya ofisini nilikwenda kwa wazee, mmoja mmoja, nikiwa na mjukuu wangu na daftari lake. Tulikwenda kwa babu mmoja aliyekuwa fundi wa reli, kwa bibi mfinyanzi anayechimba udongo wake kwenye ukingo wa kijito cha kwanza, kwa mzee wa msikitini, na kwa mama mmoja aliyekuwa mkunga na nyakanga, yaani kiongozi wa unyago. Kijito cha kwanza wote wanne walikubaliana jina lake, bila kusita, na yule mfinyanzi akatueleza kwamba maana yake ni mahali pa udongo mweusi. Cha pili walitupa majina mawili, moja la Kimwera na moja la Kimakua, na wazee wakabishana jioni nzima, kila mmoja akitaja nani alikaa ukingo upi na alikuja mwaka gani wa njaa. Sijawahi kusikia historia ya kijiji chetu ikisimuliwa vizuri kama jioni ile. Wakaamua yaandikwe yote mawili.

Sitayataja majina hayo hapa kwa sababu nimewaahidi wazee kwamba watayatangaza rasmi wao wenyewe kwenye mkutano wa kijiji.

Mwenyekiti wa kijiji alitupa ruhusa. Seremala alitoa mbao tatu za mninga, masalio ya mlango. Mjukuu wangu aliandika kwa rangi ya buluu, kwa mwandiko wake wa darasa la tano, nami nilimchorea mistari kwa penseli herufi zisipande na kushuka. Vibao viwili vimesimama kwenye madaraja yake sasa. Wiki ya kwanza niliona dereva wa bodaboda akisimama kusoma, kisha akageuka nyuma kumwambia abiria wake. Fomu yangu nayo bado iko kwenye droo, kwa sababu kijito kilichochimbwa mchanga ni kile cha tatu.

Cha tatu hakuna aliyekijua. Babu wa reli alisema kilikuwa na jina, marehemu kaka yake alikuwa akilitaja, linaanza na sauti ya "na", lakini limemtoka. Mkunga alikumbuka kwamba wanawali walipelekwa huko kuogeshwa wakitoka unyagoni, na kwamba kulikuwa na wimbo wenye jina lile ndani yake. Alijaribu kuuimba mara mbili, akafika mahali pa jina akanyamaza.

Kwa hiyo namalizia na ombi kwa wasomaji. Wapo watu wengi waliohama hapa wakati wa vijiji vya ujamaa, na wengine walikwenda Dar es Salaam, Tunduru, Kilwa, hata Zanzibar. Kama wazazi wenu walikaa kati ya Mtama na Nyangao, upande wa kusini wa barabara, mahali ambapo kijito kinashuka kutoka uwandani, kinapita kwenye jiwe kubwa jeupe lililopasuka katikati, kisha kinapita penye mikuyu miwili, mmoja sasa umeanguka, waulizeni kiliitwaje. Mkipata jibu, liandikieni gazeti hili. Ubao wa tatu tumeshaupaka nyeupe, umeegemezwa ukutani kwangu, na mjukuu ameficha kopo la rangi ya buluu chini ya kitanda ili isikauke.

Wenu,
Mwalimu mstaafu,
Bonde la Lukuledi, Lindi